Mdahalo wa deni la Marekani: raia anadaiwa nini, na ana haki gani?

MwalimuPasua (Moshi)

Wakuu, heshima kwenu. Klabu yetu ya mdahalo inakutana na wenzetu wa Arusha mwisho wa mwezi huu. Mada iliyopangwa ni hii: "Raia hawajibiki kwa deni la serikali ambalo yeye hakulikubali." Sisi tumepewa upande wa kupinga. Mfano ambao pande zote mbili zimekubaliana kuutumia ni Marekani, kwa kuwa takwimu zake ziko wazi na katiba yake inalitaja deni moja kwa moja.

Vijana ni wa kidato cha tano, mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), kwa hiyo nakisi, riba na pato la taifa wanavijua. Wanakokwama ni huku. Ukomo wa deni wanauchanganya na bajeti, na tena wanauchanganya na yale mambo ya serikali kufungwa. Halafu kuna suala la haki: Mmarekani anayeona serikali yake inakopa kupita kiasi anaweza kuishtaki? Na yule aliyeikopesha serikali analindwa na nini? Mwisho, wapinzani wetu lazima watakuja na ile hesabu ya kugawa deni kwa vichwa, kwamba kila Mmarekani, hata mtoto mchanga, anadaiwa zaidi ya dola 100,000. Nataka vijana waijibu kwa hesabu, siyo kwa sauti kubwa.

Naomba vifungu, miaka na tarakimu. Ubishi wa nani mzuri kati ya Republican na Democrat tuuache.

Njiro_Hesabu (Arusha)

Mwalimu, nianze na ukomo, maana ukieleweka huo mengine yanakaa sawa.

Fedha ya serikali kuu ya Marekani inaamuliwa kwa sheria za aina tatu zinazotungwa kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ni ya matumizi: Ibara ya 1, kifungu cha 9 cha Katiba yao kinasema fedha haitoki Hazina bila sheria ya Kongresi, yaani bunge lao. Ya pili ni ya kodi, ambayo iko kifungu cha 8 cha ibara hiyohiyo, pamoja na mamlaka ya kukopa. Matumizi yakizidi kodi, pengo ndiyo nakisi, na nakisi inakopwa. Ya tatu ni sheria ya ukomo, inayotaja jumla ya juu kabisa ambayo Hazina inaruhusiwa kudaiwa.

Sasa tazameni mahali tatizo linapozaliwa. Sheria ya kwanza inaiamuru Hazina ilipe, ya pili haiiruhusu kutoza zaidi, ya tatu inaikataza kukopa. Zote tatu zimetungwa na Kongresi ileile. Ukomo wenyewe haufuti hata dola moja ya matumizi. Unagusa malipo ya vitu vilivyokwisha kuagizwa. Ni sawa na familia iliyochukua unga na sukari kwa Mangi mwezi mzima, kisha siku ya kulipa ndiyo inaitisha kikao kujadili kama daftari lina kurasa za kutosha. Kikao cha maana kilitakiwa kabla ya kuchukua unga.

Asili yake ni 1917, Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Kwanza na kuanza kuuza Hatifungani za Uhuru, yaani hati za kuikopesha serikali. Zamani Kongresi ilikuwa ikiidhinisha mikopo mmoja mmoja. Vita vikaifanya iipe Hazina nafasi pana zaidi ndani ya kiwango kilichotajwa. Mwaka 1939 ukawekwa ukomo mmoja wa jumla, dola bilioni 45. Tangu 1960 umepandishwa, umeahirishwa au umebadilishwa zaidi ya mara 75, chini ya marais wa vyama vyote viwili. Julai 2025 uliongezwa kwa trilioni 5 ukafika trilioni 41.1.

Deni likigusa ukomo, serikali haisimami siku hiyo. Hazina inatumia hatua za dharura zilizo kwenye sheria: kwa mfano, inaacha kwa muda kuwekeza fedha za mifuko ya pensheni ya watumishi wa serikali kuu kwenye hati za serikali, na hapo nafasi ya kukopa kwingine inapatikana. Ukomo ukishapandishwa, mifuko inarudishiwa fedha pamoja na riba iliyokosa. Mwaka 2023 ukomo ulikuwa trilioni 31.4, hatua hizo zikaanza Januari 19, na sheria mpya ikasainiwa Juni 3, siku mbili kabla ya tarehe ambayo Hazina ilikuwa imetangaza kwamba fedha ingekwisha. Tarehe hiyo ndiyo ya kuifuatilia, siyo tarehe ya kugusa ukomo. Vijana wengi wanachanganya hizo mbili.

Kufungwa kwa serikali ni kitu kingine kabisa. Mwaka wao wa fedha unaanza Oktoba 1. Sheria za matumizi zisipopita, idara zisizo na idhini hazina ruhusa ya kutumia, na watumishi wengi wanabaki nyumbani. Lakini riba ya deni inaendelea kulipwa, na pensheni ya Social Security inaendelea kulipwa, kwa sababu hizo hazisubiri idhini ya kila mwaka. Mfano mzuri wa kuwapa vijana ni 2025: serikali ilifungwa siku 43, Oktoba 1 hadi Novemba 12, wakati ukomo wa deni ulikuwa na nafasi ya zaidi ya trilioni 3. Akisimama mtu akasema ilifungwa kwa sababu deni lilijaa, wamjibu kwa mfano huo.

Sasa ile hesabu ya vichwa. Mwanzoni mwa 2025 deni la jumla lilikuwa kama trilioni 36.2, na watu ni kama milioni 340. Ukigawa unapata takriban dola 106,000, kwa hiyo kugawanya kwenyewe ni sahihi. Kasoro ni maana inayopewa jibu.

Ndani ya zile trilioni 36 kuna kama trilioni 7 ambazo serikali inaidai serikali, yaani Hazina inadaiwa na mifuko ya umma, mkubwa wao ukiwa Social Security. Deni lililo mikononi mwa wakopeshaji wa nje ya serikali lilikuwa kama trilioni 29, na wageni wanashika karibu asilimia 30 ya hilo. Linalobaki liko kwa Wamarekani wenyewe, mifuko yao ya pensheni, benki zao na benki kuu yao. Yule mtoto mchanga anayeambiwa anadaiwa dola 106,000, bibi yake huenda ndiye mdai. (Na wasiseme China ndiyo inaongoza kwa wadai wa nje. Ni Japani, yenye zaidi ya trilioni 1. Uingereza ilishaipita China mwaka 2025.)

Tena deni hilo haliivi lote siku moja. Hatifungani ikiiva inalipwa kwa kuuza nyingine. Kinachoumiza mwaka hadi mwaka ni riba, na hapo ndipo ningewaweka vijana wakae. Mwaka wa fedha 2024: mapato trilioni 4.92, matumizi trilioni 6.75, nakisi trilioni 1.83, riba halisi kama trilioni 0.88. Gawanya riba kwa mapato: kati ya kila dola 100 zilizokusanywa, karibu 18 zilikwenda kwenye riba. Hiyo ni zaidi ya bajeti ya ulinzi. Imepanda haraka kwa sababu karibu theluthi ya hati zilizo sokoni huiva ndani ya miezi 12, kwa hiyo riba mpya inapenya upesi: hatifungani ya miaka 10 ilikuwa chini ya asilimia 1 katikati ya 2020, na 2023 ilifika juu ya asilimia 4. Hiyo asilimia 18 ni mzigo wa kweli kwa raia wa leo, na upande wenu usiufiche. Mkiuficha mtaumbuliwa.

Wakili_Sakina (Arusha)

Mwalimu, nashika la haki. Liko kwenye mambo manne, na ukiyaweka kwa mpangilio yanajenga hoja yako yenyewe.

Kwanza, je, mlipakodi anaweza kushtaki? Frothingham dhidi ya Mellon, 1923. Bi. Frothingham alipinga sheria ya 1921 iliyotoa fedha za afya ya mama na mtoto, akidai kodi yake inatumika kinyume cha Katiba. Mahakama ya Juu ikasema maslahi ya mlipakodi mmoja katika fedha ya Hazina ni madogo mno, na yamechanganyika na ya mamilioni wengine, kiasi kwamba hayampi haki ya kusikilizwa. Mwaka 1968, kwenye Flast dhidi ya Cohen, mahakama ilifungua tundu dogo kwa matumizi ya kusaidia dini, na tundu hilo halijapanuliwa likafika kwenye deni. Kwa hiyo jibu ni hapana: Mmarekani hawezi kwenda mahakamani kwa kuwa tu deni ni kubwa.

Pili, mkopeshaji. Marekebisho ya 14, yaliyoridhiwa 1868, kifungu cha 4, yanasema uhalali wa deni la umma lililoidhinishwa kisheria hautahojiwa. Vijana wasome kifungu chote, wasiishie mstari wa kwanza. Kiliandikwa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa hofu kwamba wabunge wa majimbo ya Kusini wakirudi Kongresi wangekataa deni lililotumika kuishinda Kusini, au wangelipa deni la waasi. Kwa hiyo kifungu kinalinda deni la Muungano, yaani upande wa Kaskazini, pamoja na pensheni za askari wake, na papo hapo kinabatilisha deni la waasi na madai yote ya fidia ya mabwana waliopoteza watumwa wao. Hapo Katiba inatenganisha deni ambalo raia wanabebeshwa kwa haki na lile ambalo hawawezi kubebeshwa hata kidogo. Kigezo ni nani alilikopa na kwa kazi gani. Mkopaji halali anaifunga nchi. Mwasi aliyekopa ili kulinda utumwa haifungi. Hii ni hoja nzito kuliko tarakimu zote, na ningempa msemaji wa kwanza.

Tatu, Perry dhidi ya Marekani, 1935. Perry alikuwa na hatifungani ya dola 10,000 iliyoahidi malipo kwa dhahabu. Mwaka 1933 Kongresi ilifuta ahadi hizo za dhahabu. Mahakama ilisema Kongresi haina mamlaka ya kuzikana ahadi za hatifungani zake yenyewe, ikakitaja kifungu cha 4. Lakini Perry hakupewa chochote zaidi, kwa sababu hakuthibitisha hasara halisi. Haki ilitambuliwa, mfuko ukabaki vilevile.

Nne, Flemming dhidi ya Nestor, 1960. Hii wengi hawaijui, na ndiyo inayouma. Nestor, mhamiaji kutoka Bulgaria, alichangia Social Security kuanzia 1936. Mwaka 1956 alifukuzwa nchini kwa kuwahi kuwa mwanachama wa chama cha Kikomunisti, akakatiwa mafao. Mahakama, kwa kura 5 kwa 4, ilisema mchangiaji hana haki ya umiliki juu ya mafao kama ile ya mtu mwenye mkataba. Kongresi inaweza kubadilisha masharti.

Unganisha ya tatu na ya nne. Aliyenunua hatifungani ana ulinzi wa Katiba. Aliyekatwa mshahara miaka 30 ana ahadi ya sheria ya kawaida, ambayo wingi wa kura unaweza kuigeuza. Na mwaka 2025 wadhamini wa mfuko wa wastaafu walikadiria akiba yake itaisha 2033, ambapo mapato yatatosha kulipa kama asilimia 77 ya mafao. Mstaafu huyo hana mahakama ya kukimbilia. Ana mbunge wake. Ndiyo maana nasema haki ya kura kule ni njia pekee iliyo wazi katika suala la deni, na anayeiacha anawaachia wengine waamue nani alipwe.

RauMsomaji (Moshi)

Nimewasoma wote wawili. Mwalimu, naomba usiwafundishe vijana kwamba hoja ya upande wa pili ni nyepesi. Ina mizizi mirefu, na wakikutana na mtu aliyeisoma watashangazwa.

Septemba 6, 1789, Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa tatu, akiwa Paris alimwandikia James Madison, aliyekuwa mbunge, kwamba dunia ni ya walio hai, na kizazi kimoja hakina haki ya kukifunga kingine kwa deni. Hakuishia kwenye falsafa. Alitumia majedwali ya vifo ya wakati ule, akakokotoa kwamba baada ya miaka 19 wengi wa waliokuwa watu wazima wakati deni linakopwa watakuwa wamekufa, kwa hiyo hakuna deni lipite miaka hiyo. Hiyo ndiyo mada yenu katika umbo lake lenye nguvu kabisa.

Jibu la Madison, Februari 1790, ndilo jibu lenu. Alisema waliokufa wameacha pia maboresho, na walio hai wanaofaidi maboresho hayo wanabeba gharama yake. Kuna madeni yanayokopwa kwa faida ya vizazi vijavyo hasa, na mfano wake ulikuwa deni la vita vya uhuru. Kwa hiyo swali halali ni hili: fedha iliyokopwa ilijenga kitu ambacho mrithi anakitumia, au ililiwa? Vijana wakilishika swali hilo, hawatahitaji kutetea kila dola iliyokopwa Washington.

Lakini Madison huyohuyo alishindwa kwenye jambo jingine la haki mwezi ule ule. Hamilton, Waziri wa Fedha, alikuwa amewasilisha ripoti yake Januari 1790, akitaka vyeti vya deni la vita vilipwe kwa thamani kamili kwa yeyote anayevishika. Askari wengi walikuwa wameviuza kwa bei ya kutupa kwa walanguzi. Madison alipendekeza malipo yagawanywe kati ya mshikaji wa kwanza na wa sasa. Baraza la Wawakilishi likakataa, kura 36 kwa 13. Sifa ya nchi ya kukopesheka ilijengwa hapo, na deni lililotambuliwa, pamoja na la majimbo, lilifika kama dola milioni 75. Gharama yake ilibebwa na askari waliokuwa wameuza. Upande wa pili wakiutaja mkasa huu, msibishane nao. Kubalini, kisha semeni kwamba dhuluma ile ilikuwa kwenye mgawanyo wa malipo, na kulikataa deni kusingemrudishia askari hata senti.

Watataja pia Januari 1835, Rais Jackson alipomaliza deni lote. Ni kweli lilimalizwa, kwa ushuru wa forodha na mauzo ya ardhi ya umma. Anayetoa mfano huo kama mfano wa haki za mtu binafsi aulizwe ardhi ile ilitoka kwa nani: sheria ya kuwahamisha Wenyeji wa Marekani ilisainiwa 1830, na Jackson huyohuyo. Na 1837 uchumi ukaporomoka, ndani ya miaka michache serikali ikawa inakopa tena.

Sasa nimgeukie Njiro. Kusema ukomo haupunguzi dola hata moja ni kweli kwa sheria yenyewe, lakini kwa siasa siyo kweli. Mwaka 2011 mvutano wa ukomo ulizaa sheria iliyoweka viwango vya juu vya matumizi kwa miaka 10. Mwaka 2023 ulizaa viwango vya 2024 na 2025. Walio wachache bungeni hawana silaha nyingi, na hii ni mojawapo. Njia mbadala, ya kuandika kwenye Katiba kwamba bajeti isawazishwe, ilishindwa Seneti Machi 1995 kwa upungufu wa kura moja.

Njiro_Hesabu (Arusha)

Rau, nakubali kuhusu 2011 na 2023, na vijana wayajue hayo. Lakini bei ya silaha hiyo nayo iandikwe. Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilikadiria kwamba kuchelewa kwa 2011 kuliongeza gharama za kukopa kwa dola bilioni 1.3 mwaka ule mmoja wa fedha. Agosti 5, 2011, Standard and Poor's wanaopima uwezo wa nchi kulipa madeni, waliishusha Marekani kutoka daraja la juu kabisa, AAA, hadi AA+, ingawa kila malipo yalifanyika kwa wakati. Wapimaji wenzao, Fitch, wakafuata Agosti 1, 2023, na Moody's Mei 16, 2025. Bilioni ile 1.3 ililipwa na mlipakodi bila kujenga darasa wala barabara. Viwango vya matumizi vingeweza kuwekwa kwenye sheria ya bajeti yenyewe, ambako ndiko mahali pake.

MwalimuPasua (Moshi)

Nawashukuru sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Wakili, ile ya kifungu cha 4 nimeshampa msemaji wa kwanza.

Mawili yamebaki. Majaji wa hapa wanapenda kuuliza "na sisi je?" Kwa hiyo naomba ulinganisho mfupi na Tanzania, mfupi kweli. Na la pili: tunaposema raia anawajibika, awajibike kwa kufanya nini hasa? "Kupiga kura" peke yake watoto wanaiona nyembamba.

KijengeJuu (Arusha)

Mwalimu, nianze na la pili.

Kwa serikali kuu, uwajibikaji una kalenda. Rais anatakiwa kupeleka mapendekezo Jumatatu ya kwanza ya Februari, Kongresi ipitishe mwongozo wa bajeti ifikapo Aprili 15, na miswada 12 ya matumizi ipite kabla ya Oktoba 1. Utaratibu huu ni wa sheria ya 1974, na tangu hapo miswada yote imekamilika kwa wakati mara nne tu. Sheria hiyohiyo iliunda Ofisi ya Bajeti ya Kongresi, ambayo inakadiria gharama ya karibu kila mswada unaotoka kwenye kamati, na makadirio yanawekwa wazi kwa mtu yeyote. Raia makini anasoma makadirio, anaangalia mbunge wake alipigaje kura kwenye mswada ule, na anamuuliza kabla ya uchaguzi wa Baraza, ambao ni kila miaka miwili. Kwenye chaguzi zisizo na urais, wanaojitokeza mara nyingi hawafiki nusu ya wenye sifa. Pengo ni hapo.

Lakini mahali raia anapokubali deni kwa mkono wake mwenyewe ni kwenye mtaa wake. Sehemu nyingi za Marekani, wilaya ya shule ikitaka kuuza hatifungani kujenga madarasa, lazima swali liende kwenye karatasi ya kura. California, kwa mfano, hatifungani za shule zinahitaji asilimia 55 ya kura tangu marekebisho ya mwaka 2000. Zamani zilihitaji theluthi mbili. Mpiga kura anaambiwa kiasi, kazi itakayofanyika, na kodi ya nyumba yake itaongezeka kwa kiwango gani. Akisema hapana, deni halipo. Upande wenu mna mfano hapo wa deni lenye ridhaa ya wazi, na mnaweza kuwabana wapinzani: aliyepiga kura ya hapana akashindwa, je, asilipe? Na mtoto wake asikae kwenye darasa lile?

Tanzania kwa ufupi. Kukopa ni kwa Waziri wa Fedha chini ya Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali, Sura 134. Katiba yetu, Ibara ya 141, inalidhamini deni la taifa kwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na Ibara ya 138 inakataza kodi isiyotungwa na Bunge. Serikali kufungwa kwa namna ya Marekani ni vigumu hapa kwa sababu ya Ibara ya 90(2)(b): Bunge likikataa bajeti ya serikali, Rais anaweza kulivunja. Kule Kongresi haivunjwi na mtu, ndiyo maana mvutano unaweza kudumu siku 43.

Kwa majaji wa Arusha ongezeni la Jumuiya, makao makuu yako hapo mjini: itifaki ya umoja wa fedha ya 2013 inataka deni la kila nchi mwanachama lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa. Kenya walikuwa na ukomo wa tarakimu kama Marekani, shilingi trilioni 10 za kwao, na mwaka 2023 wakauacha wakaweka asilimia 55 ya pato la taifa. Ukomo wa tarakimu huliwa na mfumuko wa bei na ukuaji hata kama nchi haikopi kwa fujo. Ukomo wa asilimia unafuata uwezo wa kulipa.

Kumbusheni pia kwamba mwananchi anaweza kuwa mdai. Marekani hati ya Hazina inaanzia dola 100. Hapa hatifungani ya serikali inaanzia shilingi 1,000,000 na dhamana ya muda mfupi 500,000. Unafungua akaunti ya CDS, ya kutunzia hati hizo, kupitia benki au dalali aliyeidhinishwa, na Benki Kuu inaendesha mnada.

Wakili_Sakina (Arusha)

Naongeza mawili.

Kuhusu kushtaki hapa kwetu: Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kulinda Katiba. Ila marekebisho ya 2020 kwenye sheria ya utekelezaji wa haki na wajibu yanamtaka mleta shauri aoneshe kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kwa hiyo mlango ambao Frothingham aliukuta umefungwa 1923, na sisi tumeusogeza kuelekea kufungwa. Msemaji wa tatu anaweza kulitumia akiulizwa.

Na kuna swali moja ambalo upande wa pili hulitoa dakika za mwisho: "Kama sikulikubali deni, nikatae kodi?" Jibu la Marekani liko wazi. Marekebisho ya 16, ya 1913, yaliipa Kongresi mamlaka ya kodi ya mapato, na mahakama hazijakubali kutoridhika na matumizi kuwa sababu ya kutolipa. Anayejaza fomu ya kodi kwa hoja za namna hiyo anatozwa faini ya dola 5,000 kwa kila fomu, juu ya kodi yenyewe na riba yake. Anaruhusiwa kulipinga deni hadharani, kuandamana, kugombea, kumwangusha mbunge wake. Haruhusiwi kumwachia jirani sehemu yake ya bili.